Mwonjaji wa Togwa Iliyolala

Wiki tatu baada ya kumzika mama yangu nilikuwa napita nyuma ya maghala ya Kihonda, nikakuta mwanamke ameanika kimea cha ulezi juu ya turubai. Kimea kikipigwa na jua la saa nne kina harufu yake: tamu kidogo, chachu kidogo, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Nilisimama. Msibani sikulia. Watu walisema Zena ana moyo mgumu, nami niliwaacha waseme kwa sababu nilikuwa nagawa chai. Pale kando ya turubai la mtu nisiyemjua ndipo nilipokaa chini barabarani nikalia mpaka mtandio ukalowa. Yule mwanamke alinitazama, kisha akamwita mwenzake.

"Njoo umwone huyu mama. Saa nne hii, keshalewa!"

Hakukosea sana. Alichelewa miaka thelathini tu.

Miaka ile tulikaa Mafiga, mjini Morogoro, kwenye kichochoro cha nyumba saba kilichoanzia bombani na kuishia mtaroni. Zilikuwa zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Ghafla kila kitu kilikuwa ruksa: redio za kaseti, nguo za mitumba zinazonuka dawa, sabuni za kila rangi. Na viwanda navyo vikapata ruksa ya kupunguza watu. Baba yangu alipunguzwa, akapanda mlimani kulima kabichi na njegere kwenye ardhi ya ukoo, akawa anashuka Alhamisi jioni ili awahi sala ya Ijumaa. Kina mama hawakupunguzwa na mtu, kwa hiyo wao ndio walioanza kufanya kazi.

Wanaume waliobaki mtaani hawakuacha kuamka. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Asubuhi, saa ileile ambayo zamani king'ora cha kiwanda kililia, walivaa ovaroli zao za buluu wakatoka, na kwa kuwa geti la kiwanda lilikuwa limefungwa, walihitaji mahali pengine pa kwenda. Haukupita mwaka, nyumba sita kati ya saba zikawa na mapipa ya pombe uani. Ili wasiharibiane, kina mama walipanga zamu. Jumatatu ilikuwa ya nyumba ya kona, Jumanne ya Mama Rozi, Jumatano yetu, na kuendelea hivyo. Ijumaa hakuna aliyeuza. Watu walisema ni heshima ya dini, lakini mapipa nayo yalihitaji kuoshwa. Mdogo wangu Shabani alipoanza darasa la kwanza aliulizwa, baada ya Jumanne inakuja siku gani. Akajibu, "Ya kwetu."

Nyumba ya saba, isiyo na pipa, alipanga Mwalimu Tesha, mgeni kutoka Moshi, mtu mpole mwenye baiskeli. Alitufundisha darasa la tano, na jambo moja lilimsumbua. Jumatatu watoto wa nyumba ya kona walilala juu ya madawati. Jumanne walilala wa Mama Rozi. Jumatano nililala mimi. "Malaria ya hapa kwenu ina ratiba," alituambia siku moja, akatuandikia barua tukapimwe damu zahanati. Muuguzi wa pale alikuwa mtu wa Morogoro hasa. Alitutoboa vidole kwa heshima ya barua, akatusogezea pua, kisha akageuza karatasi na kuandika nyuma yake, "Wapewe uji." Mwalimu aliisoma, akaikunja, na siku iliyofuata akaleta uji kwenye chupa ya chai. Nadhani hakuelewa mpaka alipohamishwa.

Hata kuku walielewa kuliko yeye. Jogoo wa nyumba ya kona alikuwa akila machicha, makapi yanayobaki pombe ikishachujwa, na kila Jumatatu alasiri alipanda ukutani akawika alfajiri yake. Mwadhini wa msikiti wa jirani alikuja kulalamika. Aliambiwa amsubiri Jumanne, Jumanne jogoo huwa na adabu.

Mama yangu hakuwa mpika pombe. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu mwenyewe alilisema mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa binti wa mwalimu wa madrasa huko juu mlimani. Alisali sala tano, na alipolitaja neno pombe alilitaja kwa kidevu, akielekeza nyumba za wenzake. Yeye alianza na togwa, uji wa mahindi unaopozwa ukatiwa kimea, kinywaji kitamu cha watoto na wagonjwa. Sasa siku moja mvua ilishuka na mlima wote, hakuna mteja aliyetoka, na togwa ikabaki. Asubuhi yake ilikuwa imeumuka na kuchemka bila moto. Mama alikuwa ameishainamisha ndoo ya kwanza mtaroni alipopita Babu Chuma, fundi mitambo wa kiwandani ambaye jina lake la kweli tulilisikia siku ya mazishi yake tu.

"Mama Zena, unamwaga nini?"

"Togwa, Babu. Imeharibika."

"Hebu." Akachota kwa kiganja, akanywa, akafumba macho. "Haijaharibika hii. Imelala tu, ikaota ndoto nzuri."

Kabla ya adhuhuri pipa lilikuwa tupu, na ovaroli nne za buluu zilikuwa zimeketi kwenye benchi letu zikiuliza nyingine italala lini. Tangu siku ile mama aliuza togwa iliyolala. Baadaye alijifunza kuongeza kimea ili ilale vizuri, na siku mlima ukivaa wingu na baridi ikashuka, alilifunika pipa kwa blanketi. Blanketi lilikuwa langu. Nilitetemeka usiku mwingi ili pipa lisipate mafua.

Tatizo lilikuwa kuonja. Togwa iliyolala ina saa yake. Ukiiuza mapema wateja wanakwenda kwingine, ukichelewa inakuwa siki. Mpishi lazima aonje, na mama hakuwa tayari kuonja. Mwanzoni alimtegemea Babu Chuma, lakini mlevi akionja, kila kitu kimeiva. Basi jioni moja, tukiwa tunapepeta ulezi, alinitazama kwa muda mrefu kama mtu anayepima kitambaa.

"Zena, una miaka mingapi?"

"Kumi, Mama."

"Baba yangu alitufundisha kwamba mtoto hajaandikiwa. Kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Akikosea, hakiandikwi kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa kama kalamu imeinuliwa, mwanangu, kijiko kimoja kitaandikwa wapi?"

Sikuona mahali. Jumatano iliyofuata nilipewa kijiko cha chai. Ilikuwa kama togwa iliyoficha sindano ndani. Mama aliniambia niteme. Babu Chuma, aliyekuwa akisubiri benchini, akaingilia.

"Akitema atajuaje? Kitu hiki hakikai ulimini, kinakaa kooni."

Mama alifikiri. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi ikifanywa nusu haikumpendeza. "Meza basi," akasema, "lakini useme Bismillahi." Kisha akashtuka. "Hapana. Usiseme."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwonjaji. Nilitunga hukumu tatu zangu mwenyewe. Ikiwa bado tamu nilisema imelala. Ikiwa tayari nilisema imeamka. Ikipita kiasi nilisema imekasirika. Wanaume wazima, waliowahi kuendesha mitambo mikubwa kama nyumba, walikaa wakimtazama msichana wa sare za shule akilamba midomo. Waliniita Hakimu.

"Hakimu, kesi imeamuliwa?"

"Imelala, Babu. Rudini saa nane."

"Hebu rudia. Mimi kwa harufu tu naona imeamka."

"Babu, pua yako imepunguzwa kazini. Rudini saa nane."

Walicheka, wakajipiga mapaja, wakaenda, na saa nane wakarudi. Darasani hakuna aliyewahi kunisikiliza. Hesabu zilinishinda, kusoma kwa sauti kulinitoa jasho. Uani kwetu, neno langu moja liliwainua wazee kutoka kwenye benchi. Mtu aliyewahi kupewa heshima kwa kitu kimoja tu atanielewa nilivyokishika kitu hicho.

Kijiko kikawa kikombe. Kikombe kikawa kata, lile kopo la kifuu lenye mpini tulilochotea. Hakuna siku niliyoamua. Nilionja alfajiri ili nijue, nikaonja nikitoka shule ili nihakikishe, na alasiri nikaonja kwa sababu hakuna aliyenikataza. Nilipofika darasa la sita nilikuwa nikienda kuonja na kwa Mama Rozi, maana Jumanne hadi Jumatano ni mbali. Kote mtaani ilikuwa hivyo. Kila nyumba ilikuwa na mtoto wake anayechuja, anayeosha makopo, anayemaliza kilichobaki chini ili kopo lioshwe.

Na nikiapa leo kwamba hatukujua tunakunywa, naapa kweli. Kunywa, kwa jinsi tulivyoelewa sisi watoto, ilikuwa kazi ya kukaa. Mnywaji ana benchi, ana ovaroli, ana hadithi ya namna alivyopunguzwa. Anayekunywa amesimama anaonja. Anayekunywa anatembea anapeleka. Siku moja mtoto wa nyumba ya kona alikaa kwenye benchi na kopo mkononi, tukamkimbilia wote tukipiga kelele, "Shuka! Utalewa!" Akashuka, akamalizia wima, tukatulia.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, katika mfungo mosi, siku chache baada ya Idi, nilivunja ungo. Ilikuwa Jumatatu, nilikuwa peke yangu chooni, na nilijua mara moja ni nini, kwa kuwa binamu yangu Mariamu alikuwa amepitia. Kwetu Waluguru jambo hili halifichwi. Msichana anamwambia mama yake au bibi yake, vigelegele vinapigwa, kisha anawekwa ndani, mwali, asionekane nje mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mariamu aliingia akiwa mwembamba mwenye maneno mengi, akatoka mnene na kimya.

Ningependa kuandika kwamba niliogopa kuacha shule. Ingependeza. Lakini shule sikuiogopea hata kidogo. Niliogopea kata. Mwali haonji. Mwali ni mtu mzima, kalamu imeshushwa juu yake, na Hakimu mpya angetafutwa kabla pipa halijapoa. Basi nilifua kitambaa changu, nikanyamaza.

Dhambi niliipigia hesabu kwa akili yangu. Malaika wa kushoto, anayeandika mabaya, nilimfikiria kama karani wa shule: hawezi kukuandikisha mpaka mzazi alete taarifa. Vigelegele ndiyo taarifa yenyewe. Bila vigelegele, nilijiambia, malaika angeendelea kunihesabu katika watoto, na daftari langu lingebaki jeupe. Sikuona kasoro yoyote katika hoja hiyo, na nilikuwa nimeitafuta.

Mama hakuwa mjinga. Aliniona narefuka. Kila Jumatano, kabla ya kunipa kata, aliishika kwanza mkononi mwake akauliza neno moja.

"Bado?"

"Bado, Mama."

Ndipo akaniachia. Ilikuwa hivyo mfungo mosi, mfungo pili, mfungo tatu. Neno moja la kuuliza na neno moja la uongo, na kata ikapita katikati.

Jumatano moja baada ya shule, watu wakiwa wamejaa benchini, alimwita Shabani. Alikuwa na miaka minane, ana pengo la meno mawili, na kofia ya madrasa ameigeuza nyuma mbele.

"Dada yako amekuwa mlingoti," mama alisema. "Siku yoyote ataniambia tayari, na mimi nitabaki sina ulimi. Njoo uanze kujizoeza."

Alichotewa kidogo. Shabani alidhani ni togwa ile ya kawaida, akaikamata kata kwa mikono miwili, akaizamisha tena pipani mwenyewe, na kabla mtu hajainuka alikuwa ameimaliza. Akajipangusa midomo kwa mkono wa shati. Tukamngoja aseme. Baada ya robo saa alipanda juu ya benchi, akaweka mikono nyuma kama Mwalimu Tesha.

"Hamjambo watoto!"

"Hatujambo, mwalimu!" wanaume wakajibu kwa pamoja.

"Kaeni! Nani kachelewa? Chuma! Umechelewa. Piga magoti."

Babu Chuma, mtu mwenye mvi mpaka masikioni, alipiga magoti vumbini na ovaroli lake. "Nisamehe, mwalimu. Geti lilikuwa limefungwa."

"Malaria yako ina ratiba," Shabani akamwambia, na watu wakaanguka kwa kicheko. Mama alicheka mkono mdomoni. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha mwalimu akashuka taratibu, akajilaza kwenye rundo la pumba, akalala mdomo wazi, na bata wetu wawili wakaja kuketi kando yake kama walinzi. Mama alimfunika khanga. Jioni nzima tulikuwa tukimuiga.

Kicheko kilinikauka Alhamisi asubuhi. Nilikuwa najifunga viatu. Shabani alikuja, uso umevimba kidogo, akanikalia karibu na kuninong'oneza.

"Dada, leo zamu ya nani?"

"Ya kwa kina Rehema."

"Twende tukawasaidie kuonja."

Sentensi ile ilikuwa yangu. Mimi nilihitaji miaka miwili kuifikia. Yeye aliifikia kwa kata moja. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wangu mwenyewe ulivyo siku ya Jumanne: macho yanayozunguka, ulimi unaopita juu ya midomo, na ile sauti ya adabu ya mtu anayetaka kitu. Nilimfinya sikio mpaka akalia. Shuleni siku hiyo sikulala, nilikuwa nikifikiri, kazi ambayo sikuizoea.

Kila upande palikuwa na ukuta. Nikiendelea kusema bado, Shabani angeendelea kujizoeza kila Jumatano pembeni yangu. Nikisema tayari, angechukua kata yote, na ana miaka minane, maana yake ana miaka mitano au sita ya kalamu iliyoinuliwa. Siku nyingine za wiki mtaa ungempa. Kumwambia mama kwamba kitu hiki kinashika mtu, ningelazimika kumweleza nimejuaje. Nilikwenda kwa Mama Rozi Jumanne ili nipate akili ya kuamua. Niliipata kidogo, ikalala nami.

Jumatano alfajiri nilimkuta Shabani ameniwahi pipani. Ameoga bila kuambiwa. Ameshika kikombe chake cha bati, kile cha chai, amekipangusa kikang'aa. Benchini walikuwa wamekaa Babu Chuma na wenzake wawili, wamewahi siku hiyo, nadhani walitaka kumwona mwalimu tena. Mama aliichukua kata.

"Bado?"

Nikamsogelea sikioni, kwa kuwa maneno mengine hayasemwi mbele ya wanaume.

"Tayari, Mama. Tangu mfungo mosi."

Hakupiga kigelegele. Alikaa juu ya kinu, taratibu, kata bado mkononi.

"Na zote hizi umeonja?"

"Zote. Na kwa Mama Rozi. Na kwa kina Rehema."

"Kwa nini, Zena?"

"Naipenda, Mama. Ikipita siku mbili mikono inaniwasha. Na huyu usimpe. Tazama kikombe chake. Usimpe, nakuomba, huyu ataipenda kuliko mimi."

Kutoka benchini Babu Chuma akapaza sauti, "Mahakama inaendelea faragha? Watu tunasubiri hukumu."

"Nyamaza, Babu," mama akasema, na hakuwahi kumwambia mzee hivyo.

Alimtazama Shabani. Shabani akanyoosha kikombe. Alinitazama mimi, kisha pipa, ambalo ndilo lililokuwa chakula chetu cha wiki nzima. Niliona anatafuta mtoto mwingine. Kwa kweli niliona macho yake yakienda uzioni, upande wa nyumba za wenzake, yakahesabu watoto wa mtaa mmoja mmoja, yakarudi. Kisha akasimama, akachota.

"Mama Zena!" Babu Chuma alisimama naye, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Mama Zena, siku arobaini hizo!"

Kila mtu mtaani, hata kina Rozi waliosali kanisani, alijua maana yake. Mtu akinywa, sala zake hazipokelewi siku arobaini. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo mama alivyoamini kuliko sisi wote.

"Nazijua," mama akasema. "Kama ni yangu, niionje mwenyewe."

Akanywa. Hakunywa kama mwonjaji, hakujua namna. Alinywa kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo, macho yamefumbwa, shingo imekaza. Uso wake ulikunjika kutoka kidevuni kwenda juu mpaka mtandio ukasogea. Akakohoa. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi, na sijui yalikuwa ya pombe au ya nini.

"Ndicho hiki?" aliwauliza wale wanaume. Akanigeukia. "Kichungu hivi, na mimi nilikuwa nakupa wewe?"

Kisha akavuta pumzi, akajipangusa mdomo kwa pindo la khanga, akamnyang'anya Shabani kikombe. "Imeamka," akawaambia. "Leteni makopo yenu. Na kuanzia leo mtoto akisogelea pipa hili, awe wangu au wa nani, nalimwaga lote."

Shabani alilia mpaka mchana. Mimi niliwekwa ndani siku ileile, lakini kwa wiki mbili tu badala ya miezi, kwa kuwa mama hakuweza kuwahudumia wateja na mwali kwa pamoja. Bibi alishuka kutoka mlimani akanung'unika kwamba mjini hata wali wanapikwa haraka.

Sitadanganya kwamba nilipona ndani ya wiki mbili. Nilitoka, na mtaa ulikuwa palepale: Jumatatu nyumba ya kona, Jumanne kwa Mama Rozi. Kila baada ya hatua thelathini palikuwa na kata na mtu wa kunikaribisha. Mama alianza kunituma mlimani kwa baba kila likizo, kisha na miisho ya wiki, akisema kabichi zinahitaji mikono. Kule juu hakukuwa na pipa mpaka ukatembee saa mbili, na mimi ni mvivu wa kutembea. Nadhani uvivu ndio ulioniokoa, na baridi. Darasa la saba nilimaliza, sikuchaguliwa. Siisingizii pombe peke yake, hesabu nazo zilishiriki. Shabani hanywi mpaka leo. Hata dawa ya kikohozi anaisoma kwanza.

Mama aliuza togwa iliyolala miaka mingine miwili, mpaka baba alipopata kibanda sokoni, na miaka yote hiyo alionja mwenyewe. Alijifunza kutema. Alisema kooni hapahitajiki, ulimi unatosha ukiwa na nia.

Lakini siku ninayomkumbukia ni ileile ya kwanza. Wateja walipoondoka alikwenda bombani, akasukutua kinywa kwa maji na majivu mara nyingi sana, akatawadha, akatandika mkeka. Nilikuwa chumbani, mwali, nikimchungulia kwenye upenyo wa pazia. Alisali alasiri. Akasali magharibi. Alfajiri yake nikasikia mkeka unatandikwa tena, na adhuhuri tena, na siku zote zilizofuata. Sala tano kila siku, bila kupunguza hata rakaa za sunna, ilhali aliamini hakuna hata moja inayopokelewa. Siku ya tatu au ya nne nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kupitia pazia.

"Mama, si ulisema mpaka siku arobaini ziishe?"

"Ndiyo."

"Sasa hizi unazisalia nini?"

Alikuwa anakunja mkeka. Alifikiri kidogo, kama alivyofikiri kila alipoulizwa juu ya kazi.

"Hata kama mlango umefungwa, mwanangu," akasema, "mimi nitakuwa nimefika."